Uzi: Sindano za PRP za nywele. Soma hapa kabla hujapanda basi la Mombasa

bi_maabara (mwenye uzi)

Assalam aleikum wana jukwaa. Salamu kwa wa Malindi, wa Lamu, na walioko ughaibuni.

Siku hizi kina mama wakikutana arusini, mazungumzo hayakawii kufika kwenye PRP, yaani plazma (maji ya damu) yako mwenyewe yenye chembe sahani nyingi, inayodungwa kichwani ili nywele ziote. Mmoja ana picha za kabla na baada kwenye simu, mwingine shoga yake kadungwa Mombasa na anasema nywele zimeota, wa tatu kasikia ni damu inayozungushwa na roho inamdunda. Kazi yangu ni ya maabara hapa Malindi, damu ndiyo riziki yangu. Nitaeleza upande ninaoujua: nini kinatoka mkononi mwako, kinafanywa nini, kinarudi wapi, na nani wa kutarajia faida.

Msimamo wangu nautoa mapema. PRP inawasaidia watu wa aina fulani, na kwa wengine ni pesa iliyotupwa baharini. Tofauti iko kwenye shina la nywele, kama liko hai au limekwisha kufa. Anayekudunga kabla hajalijua hilo anakula pesa yako.

bi_maabara

Tuanze na tyubu. Unachotwa damu mkononi kama unavyochotwa kwa vipimo vingine, ila ni nyingi zaidi kidogo. Inaingia kwenye tyubu yenye dawa ya kuizuia isigande, kisha inawekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikitoka, damu imejipanga yenyewe. Chini kabisa kuna seli nyekundu, nzito. Juu yake kuna utando mwembamba mweupe, mwembamba kiasi kwamba asiyezoea hauoni. Juu kabisa ni plazma, ya manjano iliyo wazi kama samli iliyoyeyuka. Anayejua kazi huvuta plazma ya karibu na ule utando, kwa kuwa chembe sahani nyingi ziko hapo.

Chembe sahani ndizo zinazoziba jeraha ukijikata kisu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Lakini kuziba jeraha si kazi yake pekee. Zimebeba vifuko vidogo vyenye vichocheo vya ukuaji, vinavyoita mishipa mipya ya damu na kuziamsha seli zijenge. Kwa sababu hiyo PRP ilianza kupata jina miaka ya 1990 kwa madaktari wa taya na mifupa, kabla watu wa nywele hawajaichukua. Hoja yao ni kwamba shina la nywele lililodhoofika likipewa vichocheo hivyo kwa wingi, litarudi kwenye awamu ya kukua na kukaa humo muda mrefu zaidi.

Sasa jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Si kila plazma iliyotoka kwenye mashine inastahili jina hilo. Ukizungusha kwa nguvu mno, chembe sahani zinashuka chini pamoja na seli nyekundu na unabaki na maji ya manjano matupu. Ukizungusha kidogo mno, hakuna kilichotengana. Wataalamu wengi wanalenga chembe kama 1,000,000 kwa mikrolita, au mara 3 hadi 5 ya zilizokuwa kwenye damu yako. Wengine wanazungusha mara moja, wengine mara mbili. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema wote wamefanya PRP, na kumbe waliyodungwa ni vitu viwili tofauti. Muulize mhudumu anazungusha mara ngapi na anapata chembe kiasi gani. Mwenye kuijua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Baada ya hapo plazma inadungwa kichwani kwa sindano nyembamba, nukta nyingi zilizokaribiana, eneo lote lililopungua. Inauma. Wengine hupakwa au hudungwa ganzi kwanza. Kwa kawaida huwa ni raundi 3 zinazopishana mwezi mmoja, halafu za kutunza kila baada ya miezi kadhaa. Mkipatana bei, ulizeni ya safari nzima pamoja na hizo za kutunza. Bei ya raundi ya kwanza peke yake haikuambii kitu.

mzee_wa_barani

Mwanangu, Mungu akuzidishie. Swali langu ni la mtu mzima. Hii si ni kuumika tu kwa jina jipya? Sisi tumeumikwa toka zamani na hatukutozwa maelfu. Na je, mtu aweza kufanya akiwa kwenye saumu?

bi_maabara

Marahaba mzee wangu, swali zuri. Kwenye kuumika damu hutolewa na kumwagwa. Huku hutolewa, huchujwa, na sehemu yake hurudishwa mwilini mwa mwenyewe. Ni kazi mbili mbalimbali, na hakuna ninachojua kinachoonyesha kwamba kuumikwa kichwani kunaotesha nywele zilizopotea kwa urithi.

Kuhusu saumu, kwa madhehebu yetu ya Shafi, kuumikwa hakubatilishi, hilo tumefundishwa chuoni. Lakini hii ya kurudisha kitu mwilini kwa sindano, pamoja na suala la najisi, mpelekee shekhe wako umweleze hatua zote kama nilivyoeleza. Kitabibu nakushauri usubiri mwezi uishe. Kuchotwa damu na kudungwa nukta nyingi kichwani huku una kiu ya alasiri ni kujitafutia kizunguzungu, na raundi hizi zinaweza kungoja.

dada_wa_maweni

Mimi nataka kumpinga bi maabara kwa heshima. Nimefanya PRP na nywele zangu zimejaa, mashallah, hata mume wangu kaona. Msiwavunje watu moyo.

bi_maabara

Dada, nimefurahi kwa ajili yako kwa dhati, na sikuvunji moyo. Niliandika hapo juu kwamba inasaidia watu wa aina fulani, na wewe huenda ni mmoja wao. Ulipewa dawa nyingine yoyote ya kutumia nyumbani?

dada_wa_maweni

Nilipewa ya kupaka, minoksidili. Napaka kila siku mpaka leo.

bi_maabara

Ahsante kwa ukweli wako. Ndipo penye ugumu wa kupima tiba hii. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele, na ya kupaka ikakubaliwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988. Inafanya kazi yenyewe hata bila PRP. Ukizitumia zote mbili kwa pamoja, huwezi kusema ni ipi iliyokujaza. Pengine ni zote. Ila usiiache ghafla ukidhani sindano zimemaliza kazi, kwa sababu nywele zilizoletwa na minoksidili huondoka miezi michache ukiiacha.

Na wanaotaka kujua utafiti unasemaje, nitataja miwili inayovutana, ili msiuziwe upande mmoja. Mwaka 2015 huko Italia, Gentile na wenzake waliwachukua wanaume 23 wenye upara wa kurithi, wakawadunga PRP nusu ya kichwa na maji ya chumvi nusu nyingine, raundi 3. Upande wa PRP uliongezeka kwa wastani wa nywele 33.6 katika eneo walilolipima. Hilo ni badiliko linaloonekana. Halafu mwaka 2016 Marekani, Puig na wenzake walifanya jaribio kwa wanawake 26 ambamo mgonjwa hakujua amedungwa nini, na hawakuona tofauti ya maana kati ya PRP na maji ya chumvi. Hao wa pili walidungwa mara moja tu, na pengine hapo ndipo palipoleta tofauti. Tafiti nyingine nyingi zimekuja baadaye na kwa jumla zinaelemea upande wa kusaidia, lakini nyingi ni za watu wachache na kila mmoja ana namna yake ya kuandaa plazma. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha PRP kuwa tiba ya nywele. Vifaa vyenyewe vilipewa kibali kwa kazi za mifupa, na madaktari huvitumia kwa nywele kwa uamuzi wao wa kitabibu. Jambo hilo ni halali, ila anayekuambia "imethibitishwa asilimia mia" amepita mpaka.

msusi_wa_shella

Mimi nasuka hapa Malindi na kilio ninachokisikia kila siku ni cha nywele za mbele. Paji limepanda, pembeni kumekuwa peupe. Wateja wananiuliza wakadungwe hiyo. Niwaambie nini?

bi_maabara

Dada msusi, wewe ndiye mtu wa kwanza kuona tatizo hili, hata kabla ya daktari, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Nywele za mbele na za pembeni zikipungua kwa mtu wa misuko ya kubana, nyuzi nzito, au wivingi wa kushonwa, mara nyingi ni shina limevutwa mno kwa muda mrefu. Mwanzoni kuna vipele vidogo kwenye mzizi, maumivu, na nywele fupi zinazokatika. Wakati huo tiba ni kulegeza. Acha kubana, pumzisha, na nywele zinaweza kurudi zenyewe bila sindano yoyote. Tatizo likiachwa miaka, ngozi inaweka kovu na shina linafungika kabisa.

Hapa naomba kila mtu aangalie kichwa chake, au aangaliwe na mtu anayemwamini, kwenye mwanga wa jua. Ngozi ya kichwa iliyo hai ina vitundu vidogo sana, kila kimoja ni mlango wa unywele, hata pale nywele zilipopungua. Ngozi yenye kovu ni laini, inang'aa, na vile vitundu hukuvioni tena. Plazma hata ikiwa bora namna gani haina shina la kuliamsha hapo. Mtu mwenye hali hiyo akiuziwa raundi 3 za PRP amedhulumiwa.

Kuna na ugonjwa mwingine, nataka kina mama waujue. Huanzia utosini na kusambaa kama duara, unaongezeka mwaka hadi mwaka, na unawapata zaidi wanawake weusi. Wengine husikia kuwashwa, kuchoma, au utosi kuuma ukiguswa, na wengine hawasikii kitu. Kwa miaka mingi walilaumiwa kwa kutumia vitana vya moto na dawa za kulainisha nywele. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao wana hitilafu ya jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuujenga unywele wenyewe, kwa hiyo wa kulaumiwa si kitana peke yake. Ugonjwa huu huacha kovu. Kinachotakiwa kwanza ni kuuzima uvimbe wa ndani kwa dawa za daktari wa ngozi, naye aweza kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Kila mwezi unaopita bila kuuzima ni mashina yanayokufa. Mteja wako akikuambia utosi unamchoma, usimpake mafuta ukamsuka. Mwambie aende akaonwe.

baharia_lamu

Mimi ni mtu wa Lamu, na huku sote tunalaumu maji ya kisima. Yana chumvi, ukioga nywele zinakuwa kama makumbi. Nyee zangu zimekuwa haba. Je, hiyo PRP itanifaa au nihamie kwenye maji ya chupa?

bi_maabara

Ndugu yangu, maji ya chumvi yanakausha unywele na kuufanya ukatike, lakini hayafiki kwenye shina. Fanya jaribio hili. Zichukue nywele zilizobaki kwenye kitana, uziweke juu ya kitambaa cheusi. Angalia ncha zake. Ukiona kijivimbe cheupe upande mmoja, unywele huo umetoka na mzizi wake. Usipokiona, umekatika njiani. Zilizokatika ni habari ya maji, piko, jua na kitana. Mafuta ya nazi yanasaidia hapo, maana yanaingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake. PRP haihusiki kabisa na unywele uliokatika.

Zile zenye mzizi nazo zina hesabu yake. Mtu hupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku na ni kawaida, kwa kuwa kichwa kina kama 100,000. Kwako wewe mwanamume, ningeuliza zimepungua wapi. Kama ni pande mbili za paji na utosi, na baba au wajomba wana upara, basi huenda ni wa kurithi. Homoni iitwayo DHT hulifanya shina liwe dogo kila mzunguko, na unywele unazidi kuwa mwembamba mpaka ubaki kama manyoya. Hapa ndipo PRP inapokuwa na nafasi, ukiiwahi wakati bado kuna nywele hizo nyembamba. Upara uliokwisha kung'aa miaka 20, usipeleke pesa.

Kabla ya sindano kuna minoksidili, na kwa wanaume kuna kidonge cha finasteridi cha miligramu 1, kilichokubaliwa Marekani mwaka 1997. Kina madhara yake, hasa ya nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, kwa hiyo ongea na daktari. Na kisiachwe mahali mama mjamzito atakigusa kikiwa kimevunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

mama_mapacha

Bi, mimi nimejifungua miezi minne iliyopita, nywele zinatoka kwa mafungu nikioga, nalia. Kuna mtu amenipa namba ya mhudumu anayekuja nyumbani kudunga PRP. Nimwite?

bi_maabara

Usimwite mwanangu. Tafadhali.

Hongera kwa mapacha kwanza. Ukiwa na mimba homoni zilizizuia nywele zisidondoke, ukajifungua, na sasa zile zote zilizochelewa zinaondoka kwa pamoja. Hutokea miezi miwili hadi minne baada ya kuzaa, na kwa wengi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Shina ni zima. Homa kali inaweza kufanya vivyo hivyo, miezi kadhaa baada ya kupona. Wewe kapime damu tu, hasa akiba ya chuma, kwa sababu uzazi wa mapacha hula damu nyingi, na upungufu wa chuma unaweza kuongeza kudondoka kwa nywele. Kale maini, mchicha na kunde, na usiache vidonge vya chuma ulivyopewa kliniki.

Na huyo anayekuja nyumbani, nitasema kwa wote. Damu haichezewi sebuleni. Mwaka 2018 huko New Mexico, Marekani, iligunduliwa kwamba wateja wa saluni isiyo na leseni waliofanyiwa PRP ya uso waliambukizwa virusi vya ukimwi. Taarifa ya kitaifa ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilitoka mwaka 2024. Wakaguzi walikuta tyubu za damu zisizo na majina, nyingine zimewekwa friji moja na chakula. Plazma ya mtu mwenyewe haimwambukizi mwenyewe. Kilichowaponza ni vifaa vilivyotumika mara ya pili, au damu ya mtu mmoja kumfikia mwingine.

Kwa hiyo ukienda, kaa macho wazi. Tyubu na sindano zifunguliwe kwenye karatasi yake mbele yako. Jina lako liandikwe kwenye tyubu kabla haijaondoka machoni pako, na ulisome mwenyewe. Mimi nimeishi na tyubu maisha yangu yote ya kazi, na kinachonikosesha usingizi ni lebo kuliko sindano. Mashine iwe mahali unapoiona, na kama kuna mteja mwingine siku hiyo, uliza damu yake iko wapi. Sindano zilizotumika ziingie kwenye kisanduku kigumu. Na daktari awe kwenye daftari la KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, unaweza kulitafuta jina lake kwenye mtandao wao bure kabla hujatoka nyumbani. Akisema jina lake halimo kwa sababu hii na ile, rudi zako.

binti_langoni

Bi maabara, nimesoma yote mpaka mwisho. Mimi niko Lamu, utosi wangu umepungua kama wa mama, kovu sioni, na sikujifungua karibuni. Nianzie wapi yeo? Huku kwetu hakuna daktari wa ngozi kila siku, na safari ya Mokowe mpaka Mombasa si ndogo.

bi_maabara

Mwanangu, usianze na safari. Anzia hospitali ya King Fahad hapo hapo Lamu, upate vipimo vya damu nzima, akiba ya chuma na tezi ya shingo. Kisichofanyika hapo kinaweza kufanyika Malindi au Mombasa, ila cha kwanza ukishakuwa nacho mkononi, daktari wa ngozi hatakurudisha nyuma. Ukiona hedhi inaruka miezi au ndevu zinaota kidevuni, mwambie daktari hilo bila haya, linabadilisha vipimo atakavyokuandikia.

Piga picha ya utosi leo, mchana, karibu na dirisha, nywele zimegawanywa katikati. Rudia mahali hapo hapo kila mwezi. Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo hakuna tiba utakayoipima kwa wiki mbili, na picha zitakuambia kuliko shoga zako.

Siku ya daktari usiende umesukwa, usipake piko wala mafuta. Omba uonwe na daktari wa kike kama unapenda, ni haki yako, na uvue mtandio wote, asikuangalie kwa kuchungulia. Mwambie dawa zote unazotumia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye chembe sahani chache, mwenye maambukizi kichwani, hao wote hawafai kudungwa mpaka daktari aamue. Vidonge vya maumivu kama aspirini na ibuprofeni huwa wanashauri visitumiwe siku za karibu na sindano, ila kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa ushauri wa jukwaani.

Ukikubaliwa na ukadungwa, lala Mombasa. Kichwa kitakuwa na maumivu na kivimbe kidogo, na hutaki kukipeleka kwenye vumbi la barabara kisha rasharasha za bahari kwenye boti siku hiyo hiyo. Vaa mtandio mwepesi uliofuliwa.

binti_langoni

Allah akulipe. Jumatatu nitakwenda kupima. Nimwambie wa maabara nataka nini hasa?

bi_maabara

Mwambie daktari akuandikie feritini, ndicho kipimo cha akiba ya chuma, kwa jina lake, iwe peke yake kwenye karatasi, maana ukipima damu nzima peke yake haimo. Wakikupa majibu, yaweke hapa bila jina lako, tuyasome pamoja.